Idadi ya Waliotibiwa Hainiambii Kitu

Kila meli ya hospitali ya China, Peace Ark, inapotia nanga Dar es Salaam, habari yake huandikwa kwa namna ileile. Ilikuja 2010, ikaja 2017, ikaja tena Julai 2024. Tunasomewa vitanda 300, vyumba vya upasuaji, madaktari wa jeshi la majini la China, foleni ya wananchi tangu alfajiri, na mwishoni idadi ya waliotibiwa. Kisha meli inang'oa nanga kwenda bandari nyingine, na idadi ile inabaki kuwa ushahidi kwamba ushirikiano wa tiba kati ya majeshi yetu umefana.

Meli yenyewe sina ugomvi nayo. Aliyetolewa mtoto wa jicho akaanza kuona tena amesaidiwa, hilo halina mjadala. Ugomvi wangu uko kwenye ile idadi.

Mama yangu mkubwa aliwahi kwenda kwenye kambi ya namna hii, ya wageni wengine kabisa, huko mkoani. Akapimwa presha, ikakutwa juu, akapewa vidonge vya mwezi mmoja ndani ya kibahasha chenye maandishi ya lugha asiyoisoma. Vikaisha. Zahanati ya kijijini haikuwa na dawa ile, wala karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliwahi kupimwa. Kwenye ripoti ya wale wageni, mama mkubwa ni mgonjwa mmoja aliyehudumiwa, na hajaandikwa uongo. Ila muuguzi yeyote atakwambia presha haitibiwi mwezi mmoja.

Wamarekani nao, wenye fedha na makaratasi kuliko wote, wameshikwa na tatizo hilohilo. Februari 2012 GAO, ofisi inayokagua serikali kwa niaba ya Bunge lao, ilitoa ripoti juu ya miradi ya misaada ya kibinadamu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani duniani. Kanuni zao wenyewe wakati huo zilitaka mradi ukaguliwe siku 30 baada ya kukamilika, halafu tena baada ya mwaka. Kwa miaka ya fedha 2005 hadi 2009, asilimia 90 ya tathmini za baada ya mwaka hazikufanyika. Ukitaka kujua kisima kinatoa maji au zahanati ina dawa, mwaka mmoja baadaye ndipo pa kuuliza, na hapo ndipo hawakuuliza.

Watu wa Lamu na Garissa wanayajua haya bila ripoti. Kikosi cha Marekani chenye makao Djibouti kiliendesha huko kliniki za siku chache za watu na za mifugo, pamoja na visima na madarasa, kwa matumaini kwamba mioyo ya wenyeji ingelainika na maeneo yale yangekuwa na usalama zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts waliochunguza jambo hilo nchini Kenya, wakatoa matokeo yao 2010, walikuta watu wameupokea msaada na wengi wameshukuru, ila mtazamo wao juu ya Marekani na sera zake haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Mimi hilo halinishangazi. Mfugaji akichanjiwa mbuzi wake anashukuru kwa mbuzi. Mambo ya Iraki na Somalia anayapima kivyake.

Hapa tuseme ukweli ambao kwenye hotuba hausemwi: mgeni ana kipimo chake. Anataka kuzoea bandari, kuwajua makamanda, kuwapa madaktari wake vijana nafasi ya kuona malaria kali na majeraha ambayo kwao hawayaoni. Sioni ubaya wowote, majeshi hayafanyi sadaka. Ila kama yeye anapima kwa kipimo chake na sisi tunapiga makofi kwa kipimo hichohicho, basi upande wetu hakuna anayepima.

Sasa kipimo chetu kiwe nini? Kwangu jibu liko Semuliki.

Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, ilishambuliwa. Askari wetu 15 wa JWTZ waliuawa na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa ulikuta mapungufu kwenye mafunzo, ukakuta misheni ya kulinda amani haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea askari wa kuwasaidia wala kuwatoa, na ukataja ukosefu wa nyenzo za msingi, usafiri wa anga ukiwamo. Ukiyasoma hayo kwa jicho la daktari, yote yanahusu muda: majeruhi anavuja damu, na kila kilichokosekana kinamwongezea dakika.

Umoja wa Mataifa una kanuni yake ya dakika hizo, inaitwa 10-1-2. Ndani ya dakika 10 majeruhi awe ameanza kupata huduma ya kumwokoa, hasa kuzuiwa damu. Ndani ya saa 1 awe mikononi mwa wahudumu wa dharura. Ndani ya saa 2 awe mezani kwa mpasuaji. Kanuni fupi namna hii inawaumbua watu wengi. Unaweza kuwa na hospitali ya uwanjani ya daraja la pili iliyotimiza masharti yote, yaani inamudu upasuaji 3 hadi 4 kwa siku, wa kulazwa 10 hadi 20 na wa nje 40, lakini majeruhi yuko porini kilomita kadhaa, helikopta haiji, na barabara ina waviziaji.

Chukua zile dakika 10 tu. Zinategemea askari aliyelala jirani na aliyepigwa. Mkanda wa kuzuia damu ni kitu kidogo kinachokaa mfukoni: unaupitisha kwenye mkono au mguu, kati ya jeraha na moyo, unavuta, unazungusha kijiti mpaka damu ikome, unakifunga, unaandika saa uliyofunga. Darasani, mchana, mkufunzi akiwa pembeni, kila mtu anafaulu. Swali langu kwa kila nchi rafiki inayotufundisha huduma ya kwanza ya vitani, na kwa wakubwa wetu wanaosaini, ni hili: mwaka mmoja baada ya vyeti, mkiwashtukiza askari walewale usiku, gizani, wenyewe kwa wenyewe, wangapi wanaufunga kwa muda unaotakiwa? Na mikanda ipo mifukoni, au iko stoo imefungiwa isipotee? (Aliyepitia jeshini atacheka hapa, maana stoo anaijua.) Jibu la swali hilo lina thamani kuliko orodha nzima ya waliohudhuria.

Vingine vya kuhesabu ni vya kuchosha, ndiyo maana havipigwi picha. Mashine ya dawa ya usingizi iliyoletwa kwa msaada imefanya kazi siku ngapi mwaka huu? Ikiharibika, fundi wa vifaa tiba yuko Lugalo, kwenye hospitali ya jeshi letu, au anasubiriwa kutoka Ulaya? Wale waliopelekwa kusomea upasuaji, baada ya miaka mitatu wako chumba cha upasuaji au wamepandishwa vyeo wakapelekwa ofisini?

Kuna ushirikiano ambao kwa vipimo hivi unasimama vizuri, na nisiutaje ningekuwa ninaonea. Taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed, iko Kenya tangu 1969, na kwa miongo imefanya kazi na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Kombewa, kule Kisumu, ilikuwa moja ya vituo 11 vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, sawa na Bagamoyo na Korogwe kwetu, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Kericho, Mbeya na Kampala, pamoja na Thailand, zilishiriki utafiti uliowapima damu mara mbili kwa wiki watu walio katika hatari ya kuambukizwa VVU, ili virusi vikamatwe siku za mwanzo kabisa. Kazi hiyo haifanywi na mgeni wa wiki moja. Inataka maabara isiyokatikiwa umeme, wataalamu wa hapahapa, na wenyeji wanaokuamini kiasi cha kurudi kila baada ya siku chache kuchomwa kidole.

Na bado hata huo una ufa. Januari 2025, Rais Trump aliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi ya UKIMWI ya Marekani, Kenya na Tanzania, waliambiwa waache kazi. Ujuzi ulikuwapo, majengo yalikuwapo, mishahara haikuwapo. Kwa hiyo kwenye orodha yangu naongeza swali la sehemu gani ya bajeti ya kituo inatoka kwetu, na iwe inaulizwa kila mwaka, mgeni akiwa bado yupo na anacheka nasi.

Nitaambiwa haya ni siri za jeshi. Sijaomba kujua vikosi viko wapi. Kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi inaweza kupewa takwimu tatu kwa kila hati ya ushirikiano wa tiba, na kuzijadili milango ikiwa imefungwa: matokeo ya jaribio la kushtukiza mwaka mmoja baada ya mafunzo, siku ambazo vifaa vilivyotolewa vilikuwa vizima, na asilimia ya gharama tunayobeba wenyewe. Zichukuliwe kabla mgeni hajaanza, kisha zichukuliwe tena akiwa ameondoka.