Wajumbe wa Oscar na wajumbe wa kibanda umiza

Kila mwaka zikishatolewa tuzo za filamu za Oscar, naamka nakuta simu imejaa meseji. Wa kwanza huwa mpwa wangu aliyeko Mwanza: "Shikamoo mjomba. Huko kwenu imeshinda ipi? Nipe jina niitafute." Huko kwenu! Utadhani na mimi nilipiga kura. Naishi Minneapolis tangu 2009 na sijawahi kukutana na mpiga kura wa Oscar hata kwenye foleni ya basi.

Ila kazi yangu ya kwanza ya jioni huku ilikuwa kufagia ukumbi wa sinema, na ufagio umenifundisha mengi. Filamu ikiwashika watu, ndoo za bisi unazikuta zimejaa nusu, watu wamesahau kula. Ikiwachosha, wamekomba mpaka chumvi ya chini. Basi kuna filamu ilitoka Novemba kimyakimya, ukumbi una watu tisa, ndoo zote nyeupe, hazina bisi hata moja. Januari ikatajwa kuwania Oscar, ikarudishwa, ukumbi ukafurika. Nikaingia na ufagio wangu baada ya onyesho: ndoo nyeupe vilevile. Mlangoni lakini kila mtu alikuwa anasema "nzuri sana, nzuri sana".

Watu wanapenda kulalamika kwamba siku hizi Oscar haimpi anayestahili. Nawauliza, siku zipi hizo zilizokuwa nzuri? Citizen Kane, ambayo hadi leo inafundishwa vyuoni, ilishindwa mwaka 1942 na How Green Was My Valley. Mwaka 1999 Shakespeare in Love ikaipiku Saving Private Ryan, na wanaoijua Hollywood wanakwambia ile ilikuwa kampeni tu. Sisi Watanzania tusijifanye hatujui kampeni. Huku kuna karamu, kuna maonyesho ya faragha, waigizaji wanapeana mikono na wapiga kura wakikumbushia kidogo kwamba tupo. Kwetu kitu hicho kilikuwa na jina lake, takrima, na Mahakama Kuu ikakipiga chini mwaka 2006. Hollywood wana kanuni zao za kampeni, lakini karamu haijakauka.

Wapiga kura wenyewe ni wanachama wapatao 10,000, watu wa fani: waigizaji, waongozaji, wapiga picha, washona mavazi. Yaani ni chama cha mafundi kinawapongeza mafundi wake, hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba ilibidi wasubiri mpaka 2025 ndipo wakatangaza sharti kwamba mjumbe asipige kura ya mwisho kwenye kundi ambalo hajatazama filamu zake zote. Nilipomsimulia mpwa wangu hakunielewa mara moja. "Mjomba, ina maana refa alikuwa anatoa kadi kwenye mechi ambayo hajaitazama?" Ndiyo maana yake, baba. Msemo wetu wa kura za maoni za 2020, kwamba wajumbe si watu, naona ungefika mpaka Los Angeles.

Halafu kuna hesabu. Tangu sherehe ya 2010, kura ya filamu bora si alama moja tu. Unazipanga, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Iliyopata nafasi ya kwanza chache zaidi inatolewa, kura zake zinahamia chaguo linalofuata, inaendelea hivyo mpaka moja ivuke nusu. Ni kama kamati ya harusi inayobishana chakula. Huyu anataka biriani, yule ndizi nyama, mwingine anaapa hali kitu bila samaki. Mwisho wa kikao mnapitisha wali kuku, chakula ambacho hakuna aliyekiota usiku na hakuna atakayekikataa. Green Book ilipoishinda Roma mwaka 2019, nilisema moyoni, wali kuku huo umeiva.

Sasa linganisha na wajumbe walionilea mimi, wa kibanda umiza, banda la video la mtaani, kule Mabatini, Mwanza. Kiingilio shilingi 100, mabenchi ya mbao za magogo yanayokuchana suruali, madirisha yamezibwa kwa magunia, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa kanda za video, inatafsiri kila kitu, hata kisichosemwa. Pale filamu haikuwa na wa kuipigia debe. Dakika kumi bila jambo, mtu anapiga kelele "Peleka mbele!" Steringi akipigwa ovyo na asilipize, watu wanadai hela yao. Nimeona kwa macho yangu mwenye banda akitoa kanda katikati na kuweka nyingine, maana hali ilikuwa imechafuka. Sisemi hukumu ile ilikuwa ya haki. Filamu ya polepole haikuwa na maisha pale, na kuna nzuri nyingi tulizizika zikiwa hai.

Ila jambo moja tuliwazidi hawa. Sisi Jumatatu tulitazama Mchina, Jumanne Mhindi, Jumatano Mmarekani, baadaye na Mnaija akaingia, na hakuna aliyeuliza filamu ni ya lugha gani. Oscar ilihitaji kufika sherehe ya 92, mwaka 2020, ndipo filamu isiyo ya Kiingereza, Parasite ya Wakorea, ikatwaa tuzo kubwa. Huku walishangilia kama watu waliogundua moto. Mimi nikamkumbuka Lufufu.

Na Mwanza yetu iliwahi kugombea, sijui wangapi wanakumbuka. Ile filamu ya mapanki, yale mabaki ya sangara, Darwin's Nightmare, ilitajwa mwaka 2006 upande wa filamu za matukio halisi. Rais Kikwete aliilalamikia hadharani kwamba imeichafua nchi, na mtaani kila mtu alikuwa na msimamo juu ya filamu ambayo hajaiona. Ilishindwa na pengwini. Kweli kabisa, March of the Penguins, ndege wanatembea kwenye barafu na Morgan Freeman anawasimulia. Na wao kumbe wana Lufufu wao!

Nilikuja kuiona hiyo ya kwetu huku ugenini, kwenye DVD ya kuazima maktaba ya mji. Nilikasirika sana. Kichwa cha sangara alichokuwa akituchemshia mama kwa ndimu na pilipili, tukagombania macho, mle kimekuwa picha ya ufukara tu. Lakini sikuzima, na usiku ule sikulala. Kwangu ile ilikuwa filamu kuliko pengwini. Nikiwa mjumbe ningeiweka ya kwanza huku naitukana.

Mwaka 2022 Tanzania ikapeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ikiwa ya kwanza tangu Maangamizi ya 2001. Mwaka ule zaidi ya nchi 80 zilipeleka, kila nchi moja tu; zikachujwa 15, kisha tano. Yetu haikuingia kwenye 15. Nikawauliza wafanyakazi wenzangu, wapenzi wa sinema wa kweli, kama wameisikia. Hakuna. Sasa kura ingetoka wapi?

Mwaka huu nimechoka kujibu "imeshinda hii". Nimemtumia mpwa wangu jina la filamu nyingine, ya polepole, iliyoambulia patupu, niliyokuta ndoo zake zimejaa bisi. Juzi kaniandikia: "Mjomba tulikuwa sita. Watano wamelala."

Nikamuuliza, na wa sita?

"Wa sita ni mimi. Nimeirudia asubuhi."