Fungu la kumi la Washington

Mwaka wa masomo wa 1967/68, mjini San Antonio, Texas, wilaya mbili za shule za mji huohuo zilikuwa na hesabu hizi. Edgewood, ambako wakazi wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Mexico, ilitoza kodi ya nyumba na ardhi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Alamo Heights, mtaa wa wenye nazo, ilitoza senti 85 tu. Edgewood ilijikamua zaidi ikaambulia dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights ikavuna 333. Jimbo likaongeza 222 kwa Edgewood na, amini usiamini, 225 kwa Alamo Heights. Serikali ya shirikisho peke yake ndiyo iliyoelekeza mkono upande wa pili: 108 kwa wanyonge, 36 kwa matajiri. Jumla, 356 dhidi ya 594.

Hesabu hizo zimo katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Machi 1973. Aliyefungua kesi ya kupinga mfumo huo wa fedha za shule, pamoja na wazazi wenzake, ni Demetrio Rodriguez, fundi wa bati ambaye wanawe walisoma katika jengo lililokuwa likibomoka, popo wamelifanya makazi. Alishindwa kwa kura tano dhidi ya nne: elimu, walisema majaji, si haki ya msingi chini ya Katiba ya Marekani. Kesi hiyo hukumbukwa kwa kushindwa huko. Mimi hunirudisha zile dola 108. Ziondoe, pamoja na zile 36 za Alamo Heights, na pengo kati ya mtoto wa Edgewood na wa Alamo Heights linapanda kutoka dola 238 hadi 310. Karibu theluthi ya kila kilichotumika kwa mtoto wa Edgewood ilitoka Washington.

Nazikumbuka kwa sababu mjadala wa leo kuhusu nafasi ya Washington katika shule huanza na takwimu nyingine: kwamba serikali ya shirikisho hutoa takriban sehemu moja tu ya kumi ya fedha za shule za Marekani. Ni kweli. Na kwa takwimu hiyo wakosoaji wana hoja nzito. Washington, wanasema, ni kama jirani anayechangia elfu kumi kwenye harusi ya laki moja, kisha anataka yeye ndiye apange biriani. Sheria ya 2002 iliyotiwa saini na Rais George W. Bush iliwalazimisha watoto wa darasa la tatu hadi la nane kufanya mitihani kila mwaka, ikaagiza wote wawe wamefaulu kusoma na hesabu kufikia 2014. Wote! Mwalimu yeyote angewaambia hilo halitatokea, na halikutokea. Halafu ikaja korona, zikamwagwa karibu dola bilioni 190 za msaada, na bado alama za kusoma katika upimaji wa kitaifa wa 2024 zilishuka kwa darasa la nne na la nane. Anayeuliza fedha hizo zilifanya nini hana uchokozi.

Ndipo Machi 2025 Rais Trump akaagiza zianze hatua za kuifunga Wizara ya Elimu, na karibu nusu ya wafanyakazi wake wakaambiwa waende. Julai ikapitishwa sheria ya kodi ambayo kuanzia 2027 itampa mlipakodi nafuu ya hadi dola 1,700, dola kwa dola, akichangia mfuko wa ufadhili wa wanafunzi, ukiwemo wa kulipia ada za shule binafsi.

Wanaotetea haki ya mzazi kuchagua shule si wote matajiri wanaotaka punguzo la ada, na wanaowadhihaki hivyo hawajasoma historia ya Milwaukee. Mpango wa vocha wa mji huo, yaani fedha za umma za kumlipia mtoto ada ya shule binafsi, ulioanza 1990, ulipiganiwa na Annette Polly Williams, mbunge mweusi wa chama cha Democratic katika bunge la Wisconsin, aliyechoka kuwaambia wazazi wa mtaani kwake wasubiri mageuzi. Tajiri alikuwa na uchaguzi siku zote: akihamia mtaa mzuri, shule nzuri inakuja na nyumba. Williams aliutaka uhuru huo kwa asiyeweza kuhama. Lakini aliwekea mpango mipaka: familia ilipaswa kuwa na kipato kisichozidi asilimia 175 ya kiwango cha umaskini. Mipaka hiyo ilipokuja kulegezwa, alipinga.

Linganisha na sheria ya 2025. Kikomo chake ni asilimia 300 ya kipato cha kati cha eneo. Mahali ambapo kipato cha kati ni dola 80,000, familia ya 240,000 bado inastahili. Arizona ilishaonyesha mambo yanavyokwenda: ilipowafungulia wote akaunti za elimu, yaani fedha za jimbo ambazo mzazi anaweza kulipia shule binafsi, mwaka 2022, robo tatu hivi ya waombaji wa mwanzo hawakuwa wametoka shule za umma. Hawakuhama popote. Serikali ilianza tu kuwalipia walichokuwa wakijilipia. Mwenye nacho aliongezewa.

Na kuna jambo ambalo vocha haiwezi kulifanya hata ikiwa kubwa. Mtoto akiondoka, fedha zinaondoka naye. Paa, basi la shule na mshahara wa mwalimu wa wanaobaki haviondoki. Shule binafsi inaweza kumkataa mwenye ulemavu. Ya umma haiwezi, kwa sheria ya shirikisho ya 1975. (Sheria hiyohiyo iliahidi serikali ya shirikisho ingebeba hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada, ahadi ambayo haijatimizwa hadi leo. Kwa hiyo sisemi Washington ni malaika.) Julai 2025 utawala ulipozuia dola bilioni sita na ushei kwa wiki kadhaa, miongoni mwake zilikuwa za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, fungu linalowahusu watoto wa wakimbizi wa Kongo wanaoongea Kiswahili nyumbani na ambao mitaala ya shule binafsi ya jirani haikuwahi kuwawaza.

Wapiga kura wenyewe hawajashawishika. Novemba 2024, Kentucky ilimpa Trump ushindi mkubwa, na siku hiyohiyo kaunti zake zote 120 zikakataa kubadili katiba ya jimbo ili fedha za umma ziweze kwenda shule binafsi. Huko vijijini shule ya kuchagua haipo. Iliyopo ndiyo hiyohiyo, na ndiyo mwajiri mkubwa.

Sasa magavana wanapaswa kuamua kama majimbo yao yajiunge na nafuu hiyo ya kodi, na wamewekewa mtego. Gavana akikataa, hawazuii wakazi wake kuchangia mifuko ya majimbo mengine na kurudishiwa fedha zao. Anachozuia ni watoto wa kwake kunufaika. Wengi watajiunga, hata wasioupenda mpango. Wakijiunga, mifuko iombwe hadharani itangaze kila mwaka kipato cha familia ilizozifadhili, na ni wangapi walikuwa shule ya umma mwaka uliotangulia.