Kitabu cha sayansi kisichokuwa kwenye orodha

Kila Januari, orodha za vitabu zinapotoka, makundi ya wazazi kwenye WhatsApp huletewa swali la aina moja. Mwaka huu, katika kundi la shule moja ya Eastlands, mama mmoja aliuliza amnunulie kijana wake wa Gredi ya 5 kitabu gani cha sayansi cha kusoma nyumbani, maana mtoto haishi kuuliza habari za nyota na siafu. Mwalimu wa darasa akamjibu: “Mama Junior, chukua kilichoidhinishwa na KICD. Hivyo vingine ni picha tu, vitakumalizia pesa.” Wazazi wakaweka vidole gumba, na mazungumzo yakahamia kwa bei ya sare.

Mwalimu ana hoja, tena nzito. Kitabu kilichopita mikononi mwa KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, kimesomwa na watu waliolipwa kukikagua: lugha inalingana na gredi, mada zinafuata mtaala, michoro haimdhalilishi mtu. Kitabu kilicholazwa kwenye turubai kando ya Barabara ya Tom Mboya, kwa wale wauzaji wetu wa inama, wanaotandaza vitabu vikuukuu chini hadi uiname kuvichagua, hakijakaguliwa na yeyote isipokuwa mvua. Halafu kuna mitihani. KCPE ilizikwa mwaka wa 2023, lakini mtoto bado ana KPSEA akiwa Gredi ya 6 na KJSEA akiwa Gredi ya 9, na mbele yake serikali imetangaza kwamba inataka asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari ya juu wafuate njia ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mzazi mwenye shilingi mia sita hawezi kulaumiwa akizipeleka kwenye kitabu ambacho mtoto ataulizwa habari zake.

Ninachokataa ni hilo neno “picha tu”. Limesemwa mara nyingi mno hadi kitabu cha ziada kimewekwa fungu moja na bisikeli na mpira: kitu cha kumpa mtoto akimaliza kusoma. Na nadhani kinafanya kazi ambayo kitabu cha kiada, hata kikiandikwa vizuri namna gani, hakikupewa nafasi ya kuifanya.

Chukua maji yanayochemka. Karibu kila aliyepitia shule zetu atakuambia bila kupepesa macho kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Sasa bandika sufuria kwenye jiko la gesi Umoja au Kawangware, tumbukiza kipimajoto cha jikoni (kile cha homa usikiguse, kinaishia nyuzi 42 na cha kioo kitapasuka), kisha ungoje maji yatokote kabisa. Kipimo kitapanda hadi karibu 94 na kukwama hapo. Ongeza moto utakavyo. Mapovu yatazidi, dirisha litajaa mvuke, mtungi utaisha gesi, na kipimo hakitabanduka pale pale karibu na 94.

Mtoto aliyekariri 100 atafanya nini? Wengi watasema kipimajoto ni kibovu, cha bei rahisi kutoka mtaani. Wachache watadhani wao ndio wamekosea kusoma. Ni nadra sana mtoto kusema kwamba huenda ile sentensi ya kitabuni haikuwa ikizungumzia jiko la kwao. Na kweli haikuwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku juu inayakandamiza maji kwa nguvu iliyopungua karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Maji yanayokandamizwa kidogo huwahi kuchemka. Kwa wastani, kila unapopanda mita 300 hivi unapoteza digrii moja. Ndiyo maana mpishi aliyehama kutoka Mombasa hadi Limuru huona maharagwe yake yanachelewa kuiva ingawa maji yanatokota vilevile, na ndiyo maana aliyepiga kambi kule juu karibu na vilele vya Mlima Kenya hunywa chai iliyochemshwa kwa nyuzi 85 au hapo karibu. Preshakuka hufanya kinyume: hufungia mvuke ndani, mvuke ukayakandamiza maji, nayo yakapanda hadi karibu nyuzi 120, githeri ikaiva kabla hujamaliza kufua.

Tazama tulipofika kwa kuulizia nambari moja tu. Tumegusa urefu wa miji yetu, uzito wa hewa, jinsi chungu kinavyofanya kazi, na kwa nini bili ya gesi ya mtu wa Limuru si ya mtu wa Likoni. Kwa haki, vitabu vizuri vya kiada huongeza maneno “katika usawa wa bahari” baada ya ile 100. Lakini mtihani unauliza nambari, kwa hivyo nambari ndiyo inayobaki kichwani, na mwalimu mwenye wanafunzi 60 na vipindi vichache vya kumaliza mada hana muda wa kuleta sufuria darasani. Simlaumu. Nasema tu kwamba hapo ndipo kitabu cha ziada kinapohitajika, kile kinachomwambia mtoto: usiniamini, kapime.

Na kipimo hicho hicho cha kumwambia mtoto akapime mwenyewe, nakiri, huviangusha vitabu vingi vya rangirangi vinavyoletwa kutoka ng’ambo. Kitabu kilichoandikiwa mtoto wa Uingereza humwambia kwamba jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Simamisha mti wa ufagio uani Buruburu saa sita mchana mwezi wa Juni, utaona jua liko kaskazini na kivuli kimeelekea kusini. Desemba mambo hugeuka. Kitabu humwambia atafute Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu iko chini ya upeo wa macho kwa sababu tumekaa zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Humchorea mwezi mchanga umesimama wima, ilhali yeyote aliyeuangalia kutoka Eastleigh Ramadhani ikikaribia anajua kwamba kwetu hulala kama mtumbwi. Kikifika kwenye roketi, humpeleka Florida na kumrudisha. Hakimwambii kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwamba Wamarekani waliiita Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wetu.

Kwa hivyo sitetei kila chenye jalada la kung’aa. Vipo vinavyouza milipuko tu. Ile volkano ya magadi na siki, kwa mfano, imerudiwa katika vitabu vingi mno, na mtoto huishia kuamini kwamba mlima hulipuka kwa sababu ya kitu kama siki, wakati Longonot iko pale nje ya mji ikingoja kuelezwa kwa mwamba ulioyeyuka na gesi iliyofungiwa chini. Furaha ya povu hudumu dakika moja. Mwalimu akiviita hivyo “picha tu”, mimi nitamwitikia.

Lakini kuvitupa vyote kwa sababu ya hivyo ni uvivu. Ukiwa dukani, au umechutama mbele ya turubai la inama, usianze na jalada wala sura ya kwanza, maana huko ndiko mchapishaji hutia nguvu zake zote. Fungua katikati. Tafuta ukurasa unaomwomba mtoto afanye kitu kwa vifaa vilivyo nyumbani kwako leo: kijiti, kioo, chumvi, kivuli, ndoo. Kisha uliza kama jibu limeandikwa hapo hapo chini, au mtoto ameachiwa nafasi ya kulipata kwanza.

Mfano mzuri ni ulimi. Kwa miaka mingi vitabu, vya kiada na vya ziada, vilichora ramani ya ulimi: utamu kwenye ncha, uchungu nyuma kabisa, chumvi na uchachu pembeni. Chanzo chake ni utafiti wa Mjerumani wa mwaka wa 1901 ambao ulieleweka vibaya ulipofafanuliwa upya Marekani mwaka wa 1942. Kuukanusha hakuhitaji maabara. Mtoto aweke sukari kidogo pembeni mwa ulimi, atasikia utamu. Dakika moja, kijiko kimoja, na mchoro uliokaa vitabuni miongo kadhaa umeanguka mbele ya mtoto wa miaka tisa. Hapo hata kitabu chenye kosa kina faida, mradi kuna mtu wa kumwambia mtoto ajaribu. Ni hivyo hivyo kwa vitabu vikuukuu vya inama vinavyohesabu sayari tisa. Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka wa 2006, na mzazi akilijua hilo anaweza kununua kitabu hicho kwa bei ya chini na kumwachia mtoto atafute ni sayari ipi imefukuzwa na kwa nini.

Kipimo cha pili ninachokiamini zaidi kila mwaka: je, kitabu kinamwonyesha mtoto wanasayansi wakibishana? Hapa tuna utajiri ambao hatuutumii. Katika Makumbusho ya Kitaifa, pale Museum Hill, kuna habari za Mvulana wa Turkana. Mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye masomo yake ya darasani hayakuvuka shule ya msingi, aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu kando ya mto wa msimu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, rangi yake ikikaribia kufanana na mawe yaliyouzunguka. Uchimbaji uliofuata ulitoa karibu kiunzi kizima cha mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Alikuwa na umri gani? Ukisoma meno yake, yanasema kama miaka minane. Ukisoma mifupa na urefu wake, uliokuwa karibu sentimita 160, unaambiwa kumi na kitu. Wataalamu wamelijadili hilo kwa miaka mingi, kwa sababu jibu linabadilisha tunavyoelewa jinsi watoto wa enzi hiyo walivyokua: huenda walirefuka mapema kuliko wetu. Kitabu cha kiada kitaandika jina la kisukuku, mahali kilipopatikana na umri wake, kisha kiendelee, kwa sababu ndivyo kilivyoagizwa. Kitabu cha ziada chenye akili kitamweka mtoto wa Gredi ya 5 mbele ya mifupa ya mtoto pengine asiyemzidi sana umri na kumuuliza: ungeamini meno au ungeamini mguu? Sioni namna bora ya kumweleza mtoto wanasayansi hufanya nini kutwa.

Lugha nitaipitia haraka, ingawa inaniuma. Kuanzia Gredi ya 4 sayansi yetu inasomwa kwa Kiingereza, na kitabu cha sayansi cha Kiswahili kwa mtoto wa miaka kumi ni nadra kukiona kwenye rafu za Nairobi. Jirani zetu Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, huko Dar es Salaam tangu 1990. Maneno yapo. Atakayesema kwamba vitabu vya ziada haviuziki Kenya angepaswa kwanza kujaribu kuandika kimoja kuhusu siafu kwa Kiswahili anachozungumza mtoto wa Kariobangi.

Inabaki pesa, na hapa hoja ya mwalimu haina jibu rahisi. Kitabu kipya cha picha kutoka ng’ambo kinaweza kupita Sh2,000, na sehemu ya bei ni ushuru: sheria ya VAT ya 2013 iliweka asilimia 16 kwenye vitabu. Tangu 2018 serikali yenyewe hununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shule za umma, jambo lililopunguza mzigo kwa wazazi wengi, lakini mgao wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima, nao huchelewa. Hapo hakuna nafasi ya kitabu cha nyota. Maktaba husaidia kwa aliye karibu: McMillan katikati ya mji, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kwa mtoto wa Mihang’o au Ruai, nauli ya kwenda na kurudi ingenunua kitabu cha inama.

Kwa hivyo ningemwambia mzazi asiye na nafasi anunue cha kiada kwanza, bila aibu. Cha ziada hakilazimiki kuwa mali ya mtoto mmoja. Darasa la watoto 40 ambalo wazazi wake wamekubaliana wenyewe kutoa Sh50 kila mmoja lina Sh2,000 kwa muhula, yaani kitabu kimoja kipya kizuri au rundo zima la inama, na kipimajoto cha jikoni muhula unaofuata. Sharti ni moja tu, na wazazi waliandike kwenye makubaliano: vikae darasani watoto wanapoweza kuvifikia, visiende kufungiwa kabatini kwa ofisi ya mwalimu mkuu visije vikachafuka.