Viti 14, abiria 8: korona ilimkata nani mshahara barabarani?

Machi 2020, siku chache baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, agizo lilitoka: matatu ya viti 14 ibebe abiria 8, ya viti 25 ibebe 15, na mabasi makubwa yasizidi asilimia 60. Kondakta hakuhitaji kuelezwa maana yake. Tuseme nauli ni shilingi 50. Gari likijaa, tripu ni shilingi 700. Kwa vichwa 8, ni 400. Mafuta hayapungui kwa sababu viti sita vimebaki wazi. Ili zile 700 zirudi, kila abiria alitakiwa kutoa karibu shilingi 88, na kwenye njia nyingi nauli ilipanda hadi huko au kupita. Abiria ambaye naye alikuwa amekatwa mshahara akaanza kwenda kazini kwa miguu.

Wiki iliyofuata, mwishoni mwa Machi, ikaja kafyu, kuanzia saa moja jioni. Mtu asiyeijua biashara hii hudhani matatu hupata pesa mchana kutwa. Wapi! Pesa ya matatu ni ya alfajiri na ya jioni. Kati ya saa nne na saa tisa gari hulala kwenye foleni ya steji huku kamagera, mpiga debe wa steji, akiita mpaka sauti inakauka. Kafyu ya saa moja iliikata ile jioni yenyewe, na wakati huohuo ofisi zilikuwa zimewaambia watu wafanyie kazi nyumbani, kwa hiyo asubuhi nayo ikapwaya.

Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, mafuta yanataka yake, sako (chama cha ushirika cha wenye matatu) inataka yake. Kinachobaki ndicho mshahara wa dereva na kondakta. Kikipungua, wa kwanza kutemwa ni skwodi, yule kijana anayeshikia wenzake gari siku mbili tatu kwa wiki wakipumzika. Mwaka huo hakuna aliyepumzika. Kwenye steji ninayopandia alikuwepo mmoja, hodari wa kurudisha chenji huku gari likiondoka. Mwezi wa Mei nilimkuta palepale steji akiuza barakoa, zimepangwa kwenye kadibodi, mbili kwa shilingi 50. Gari alilokuwa akilishikia lilipita likiwa na alama za X za utepe mwekundu kwenye viti vya katikati, na aliyening'inia mlangoni alikuwa dereva mwenza. Madereva wawili wa gari hilo walikuwa wamejipa ukondakta kwa zamu ili wasigawane na mtu wa tatu.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba serikali iliua kazi kwa kukusudia. Nadhani wanakosea. Ndani ya matatu magoti yanagusana, mvua ikinyesha madirisha yanafungwa, na foleni ya Thika Road inaweza kuwaweka mle saa nzima. Katika gari zima, aliye hatarini zaidi ni kondakta mwenyewe: anainamia kila uso, anapokea noti ya kila mkono, na hashuki mpaka usiku. Kupunguza watu garini kulimkinga yeye kabla ya kumkinga abiria. (Ile chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko na kuitwa sanitaiza, sina hakika ilimkinga nani.)

Tena, majirani walichagua njia zao. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma kabisa mwishoni mwa Machi; teksi za Kampala, ndizo matatu za huko, zilirudi Juni, zikiwa na nusu ya abiria, na boda boda hazikuruhusiwa kubeba watu hadi mwishoni mwa Julai. Tanzania haikufunga watu ndani; Dar es Salaam daladala ziliambiwa zibebe "level siti", yaani aliyekaa tu, na konda akapoteza wale wa kusimama. Kenya ilisimama katikati. Kondakta wa Nairobi alipata nusu mkate wakati mwenzake wa Kampala hana hata makombo.

Ila nusu mkate huo uligawanywa vibaya, na hapo ndipo ninapoachana na watetezi wa serikali. Mwaka 2004, kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki ziliziteremsha nissan, zile matatu ndogo, kutoka abiria 18 hadi 14. Nauli ilipanda, watu wakalalamika, biashara ikazoea. Kanuni zilezile zilitaka dereva na kondakta waajiriwe kwa kudumu, si kibarua cha siku. Mikanda ya viti na ule mstari wa manjano ubavuni mwa gari tuliviona. Ajira ya kudumu tuliisikia tu. Miaka 16 baadaye, gonjwa lilipoingia, wafanyakazi wengi wa sekta hii walikuwa hawana mkataba na hawana likizo ya ugonjwa. Agizo la abiria 8 lilikuja na adhabu kwa atakayebeba wa tisa. Halikusema nani atafidia vile viti sita.

Barabara ya Mombasa ina kisa chake. Dereva wa trela hakukosa kazi, maana mizigo ilitajwa kuwa ya lazima. Alikosa mahali pa kulala. Kwenye miji iliyokuwa ikimngojea kwa hamu, kuanzia Mariakani hadi Malaba, mpakani na Uganda, alianza kutazamwa kama ugonjwa wenyewe. Malaba foleni ya malori yanayosubiri majibu ya vipimo vya korona ilinyooka kilomita nyingi, na dereva analipwa kwa safari, halipwi kwa siku anazokaa akichemsha chai chini ya trela. Januari 2022 madereva bado walikuwa wakigombana na Uganda kuhusu ada ya dola 30 za kipimo, malori yakaegeshwa mpakani kwa siku kadhaa. Kipimo kilikuwa cha faida ya nchi nzima, lakini aliyetakiwa kukilipia ni aliyeshika usukani.

Juni 2020 mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ikaagizwa ipande SGR, reli mpya ya kisasa, hadi Naivasha, eti madereva wasisambaze virusi safari nzima. Kiafya hoja hiyo ina uzito. Lakini bandari kavu ya Naivasha ilikuwa imefunguliwa Desemba 2019, kabla korona haijatajwa Kenya, na reli ilikuwa na mkopo wa China wa kulipa. Dereva aliyebaki bila safari ya Mombasa–Malaba, na mama wa chakula wa Mtito Andei, mji wa kando ya barabara hiyo, walipata hasara ambayo mimi nasita kuiandika kwenye daftari la korona. Septemba 2022 Rais William Ruto alirudisha ukaguzi na utoaji wa mizigo bandarini Mombasa, siku yake ya kwanza ofisini.

Matatu zilirudi kubeba abiria kamili Agosti 2021, na kafyu ikaondolewa Oktoba. Kazi nyingi zilirudi vilevile zilivyokuwa, malipo ya siku, bila karatasi. Wenye magari nao wana hoja isiyofaa kupuuzwa: gari moja likilazimishwa kuwa na dereva na kondakta wa mkataba, wenye bima na siku zao za mapumziko, litamudu watu wawili tu. Leo gari hilohilo linalisha watatu au wanne kwa zamu. Yule kijana wa barakoa alirudi mlangoni mwaka huo, siku mbili kwa wiki, na mkataba ninaoupigania mimi usingemwachia hata hizo mbili.