Sikumrushia Mtahini Karai

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi: sikumrushia mtahini karai. Karai lilikwenda lenyewe. Na aliyeanzisha maneno hayo kwenye grupu ni rafiki yangu kabisa, tena alikaa safu ya nyuma, alikuwa anaona visogo vya watu tu.

Haya. Leo asubuhi nilikuwa natetea mradi wangu: pendulamu inayofifia, yaani kitu kinachobembea huku na huku, kila mara kidogo zaidi hadi kitulie, ila badala ya jiwe na kamba, ni gololi inabingirika ndani ya bakuli. Bakuli lenyewe la maabara hakuna, nikaazima karai la dada muuza maandazi wa getini. Nililisugua kwa majivu, mafuta yakagoma kuisha. Gololi nilipewa na fundi wa katapila, ya chuma, robo kilo na ushee. Na hesabu ilikubali, jamani! Mpindo wa karai una nusu kipenyo cha sentimita 30, gololi sentimita 2. Ingekuwa inateleza tu, kwenda na kurudi ingechukua sekunde 1.06. Lakini inabingirika, sehemu 2 kati ya 7 za nishati ya mwendo zinaishia kwenye kujizungusha, kwa hiyo inachelewa: sekunde 1.26. Nikapima chumbani kwa simu, hivyohivyo. Nikalala fofofo.

Chumbani, lakini, karai lilikaa juu ya kata ya khanga lisiyumbe. Kwenye ripoti khanga haikutajwa popote. Mlinganyo wangu ulisema bakuli halitikisiki, basi.

Mtahini wa nje akainua kalamu. "Binti, hicho kitambaa cha nini?"

Mwenye akili zake angejieleza. Mimi: "Mapambo tu, Prof." Nikaichomoa, nikaitupia begani.

Nikaipandisha gololi hadi karibu na mdomo wa karai, ili na wa nyuma waone. Nikaachia.

Ikashuka vizuri. Ikapanda upande wa pili, na karai likainama kuisindikiza. Gololi ikarudi, karai likarudi nayo, ila si pale lilipokuwa. Limesogea vidole viwili kuelekea ukingo wa meza. Nyuma yangu kwenye projekta grafu inafifia kwa adabu, kila wimbi dogo kuliko lililopita. Mbele yangu karai linazidi kupandwa na mori. Niliona, naapa niliona. Mkono ukagoma, mdomo ndio ukaendelea: "Kama mnavyoona, mfumo unaelekea kutulia..." Vidole viwili tena. (Mliokaa mbele, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Nimewaandika majina.) Likafika ukingoni, nusu mezani, nusu hewani, gololi imepanda upande wa mezani, na karai likasimama hivyo. Nikasema alhamdulillahi. Moyoni.

Kisha gololi ikaanza kurudi.

NGWAAA! Likajizungusha kwenye vigae, ngwa-ngwa-ngwa-ngwangwangwa, hadi likalala kifudifudi. Ukumbi kimya. Ndipo tukaisikia gololi ikishuka ngazi za jukwaa. Ko. Tukasubiri. Ko. Mtu akakohoa. Ko. Ikaingia chini ya meza ya watahini, wote watatu wakainama kuitafuta kwa pamoja, ikagusa kiatu cha mtahini wa nje, ikatulia.

Akaiokota. Akaiangalia. Akaviangalia vidole vyake, vinang'aa mafuta ya maandazi. Akaninyoshea mkono.

"Lete hayo mapambo."

Nikashuka, nikampa khanga, akajifuta kidole kimoja kimoja. Hapo ndipo waliposikika wale wa nyuma, na wewe ndugu yangu wa voisi ndiye uliyepiga kelele kuliko wote.

Nimefaulu, kwa masharti: niongeze mlinganyo wa karai lenyewe kubingirika, na msuguano wake na meza, hadi Ijumaa. Karai lina bonde, dada wa maandazi nimemlipa na hasalimii. Sasa mwenye karai aniazime, asiniulize la nini.