Wimbo wa Matoleo Wenye Jogoo Ndani

Kwa miaka 18 nimekuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu hapa Morogoro, na kwa miaka yote hiyo nimeandika nyimbo kwa penseli, kifutio na daftari kubwa ambalo mistari yake mitano mitano naichora mwenyewe kwa rula. Wimbo mmoja wa sauti nne hunichukua jioni tatu, nikihesabu na ile jioni ya kutafuta kifutio ambacho watoto wamekwenda nacho shuleni. Sikuwa na malalamiko yoyote. Malalamiko niliyaletewa nyumbani na mpwa wangu, kijana wa chuo, aliyenikuta nimeinamia daftari akaniuliza kwa sauti ya huruma, kama mtu aliyemkuta mzee akipekecha vijiti ili apate moto wa chai: "Mjomba, bado unaandika nota kwa mkono? Siku hizi unapiga tu, kompyuta inaandika."

Hilo neno "tu" limenigharimu wiki mbili za maisha yangu.

Siku ya kwanza tulitumia kipaza sauti cha kompyuta. Nilipiga kinandani wimbo wangu mpya wa matoleo, Do = G (yaani do inaanzia kibonye cha G), kwa utulivu na kwa heshima zote, na nota zikawa zinajitokeza kwenye kioo moja baada ya nyingine hata nikakiri moyoni kwamba wataalamu wamefika mbali. Kisha nikaanza kuzisoma. Kila nota ya besi ilikuwa imebebeshwa mwenziwe oktava moja juu, yaani nota ya jina lile lile inayofuata juu yake, na mahali pengine na wa tatu juu ya huyo, kana kwamba nimezaliwa na mikono mitano. Mpwa wangu akanieleza kwamba mashine haikusema uongo: kinanda kikitoa sauti ya mitetemo 220 kwa sekunde, ndani yake mna pia ya 440, ya 660 na ya 880, ambazo sikio la binadamu huzikusanya na kuziita sauti moja, ilhali mashine huusikia ukoo mzima na huenda ikawaandikisha wote, kama karani wa sensa. Hayo niliyakubali. Nisichokielewa ni nota moja ndefu ya juu katika kipimo cha 14 (kipimo ni kile kisehemu kati ya mstari wima mmoja na mwingine), ambayo haikuwa yangu wala ya ukoo wangu. Tukarudia kusikiliza. Alikuwa jogoo wa jirani. Kilichoniuma si kwamba aliandikwa, bali kwamba aliingia juu ya pigo la kwanza barabara, wakati mimi mwenye wimbo nilikuwa nimelitangulia.

Siku ya pili tukatumia waya, na hapo nikafundishwa mambo ya MIDI, ule utaratibu uliowekwa mwaka 1983 ambao unakiwezesha kinanda kuitumia kompyuta namba badala ya sauti. C ya kati, ile iliyo karibu na katikati ya kinanda, ni 60, kibonye cheusi kinachofuata ni 61, na jogoo hana namba. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe D shapu na E flati, kwa kuwa ni kibonye kimoja, namba yake ni moja, 63, na mashine haiwezi kujua nilikuwa naelekea wapi. Mimi nilikuwa napanda kwenda E, kwa hiyo nilikusudia D shapu. Yenyewe ikaandika E flati, halafu E yenye alama ya kufuta flati, jambo ambalo kwa macho ya mwanakwaya ni sawa na kumwambia mtu ashuke kwenye basi apande basi lile lile. Tena iliamua, bila kuniuliza, kwamba chochote kilicho chini ya C ya kati ni mkono wa kushoto na chochote kilicho juu ni wa kulia, kwa hiyo watu wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, walipopanda kidogo tu walihamishiwa kwa kina mama, na watu wa alto, ile sauti ya chini ya kina mama, waliposhuka wakajikuta wanaishi na wanaume.

Yote hayo yangevumilika kama si metronomu. Programu inataka upige huku ukifuata sauti yake ya ti, ti, ti, nami kwa miaka 18 nimekuwa nikiwafokea wanakwaya wasikimbie. Nilipiga nikiwa na hakika na nafsi yangu. Karatasi ilipotoka, karibu kila nota iliyopaswa kuanza kipimo ilikuwa imeanza robo ya pigo kabla, mkia wake ukavutwa kwa upinde kuvuka mstari. Nikasema waya ni mbovu. Tukabadilisha waya. Nikasema kompyuta inachelewa kusikia. Mpwa wangu, ambaye amelelewa vizuri, alitazama dari, akasema tu kwamba ingechelewa, nota zangu zingeonekana zimechelewa, siyo zimewahi.

Basi tukaingia kwenye kile kipengele cha kunyoosha mambo, ambapo unaiambia programu nota ndogo kabisa unayoiruhusu kuandika. Nikiiruhusu iandike vipande vidogo, kila kukohoa kwangu kunapata nota yake na pumziko lake, na ukurasa unajaa mikia mithili ya viluwiluwi dimbwini. Nikiizuia isishuke chini ya pigo zima, inayakanyaga mapambo yangu yote kama lori la kokoto. Na kwa kuwa matoleo yetu huenda kwa 6/8, yaani mapigo mawili ya vipande vitatu vitatu, ili kina mama waweze kuja mbele wakicheza na vikapu vyao vya ndizi, mashine ikakisia 3/4, mapigo matatu ya vipande viwili viwili, mwendo ambao ukiuchezea na kikapu kichwani ndizi zitafika altareni kabla yako.

Nilisahihisha kwa usiku tisa. Baada ya hapo nikakumbuka kwamba nusu ya kwaya haisomi mistari mitano; inasoma herufi za solfa (d, r, m, yaani do, re, mi), zile alizozieneza mchungaji Curwen kule Uingereza katika karne ya 19, ambapo nukta mbili hutenganisha mapigo na kistari humaanisha endelea kushika. Programu ile haizijui. Nikaziandika kwa mkono, kwa penseli, chini ya kila nota, sauti zote nne.

Jumamosi nikatoa nakala 40 kwa fedha yangu, na kwa uchovu nikapeleka stationari faili lisilosahihishwa, lile la metronomu. Niligundua mazoezini, karatasi zikiwa tayari mikononi mwa watu. Kabla sijaomba radhi, mzee mmoja wa sauti ya tena, mwalimu mstaafu na mmoja wa wachache wanaosoma mistari, akavaa miwani, akafuatisha kwa kidole vipimo kama vinane huku akitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mbele ya wote: "Mwalimu, safari hii hongera. Umeandika vile vile unavyotupigia siku zote."

Nikamshukuru. Kisha nikauliza kama kuna mwenye kifutio.