Wasifu wa katibu wa hospitali usiwe orodha ya vituo vya kazi

Mstaafu wa afya akifariki hapa Dodoma, wasifu wake huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mkwe anayesifika kwa Kiswahili kizuri. Kesho yake unasomwa: alizaliwa Mpwapwa, akaajiriwa, akahamishiwa Kondoa, kisha Manyoni, kisha Dodoma mjini, akastaafu kwa mujibu wa sheria akiwa na miaka 60. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Basi. Daktari au muuguzi akifa, waombolezaji angalau wanajua alikuwa akifanya nini. Katibu wa hospitali anazikwa na siri ya kazi yake, na kwa maoni yetu hiyo ni dhuluma inayoepukika.

Kazi yake ikienda sawa haionekani. Hakuna mgonjwa anayemshukuru mtu kwa kuwa jenereta liliwaka umeme ulipokatika katikati ya upasuaji. Liliwaka kwa sababu kuna aliyeidhinisha dizeli kabla tenki halijakauka, akahimiza betri ibadilishwe, akamtaka fundi alifanyie majaribio kila wiki. Mitungi ya oksijeni, sabuni ya kufulia mashuka, chakula cha wodini, zamu za walinzi, madai ya muuguzi aliyehamishwa bila kulipwa nauli: yote hupita mezani kwake. Kusema “alikuwa mchapakazi” ni kutosema kitu. Alichapa kazi ipi?

Miaka husaidia kujibu. Aliyekuwa kazini 1993 alikuta matibabu ya bure yakigeuka uchangiaji. Ikabidi pafunguliwe dirisha la malipo, vitabu vya stakabadhi vitunzwe chini ya kufuli na, gumu kuliko yote, iamuliwe nani asamehewe. Mwaka 2001 ukaanza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ukaja na fomu za madai zinazorudishwa: namba ya uanachama imekosewa, saini ya mgonjwa haipo, tarehe haisomeki. Fomu ikirudi, dawa imeshatoka na fedha haijaingia, kwa hiyo kuwakagua makarani kabla fomu hazijatumwa ilikuwa kazi ya kuokoa dawa za mwezi unaofuata.

Na kama alikuwa Dodoma tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilipopata ajali upande wa Igandu na Msagali na kuua watu wapatao 280, waulizeni wenzake alishika jukumu gani. Hakuna chumba cha maiti cha mkoa kinachojengwa kwa idadi ile. Siku kama hiyo zinahitajika glavu, mashuka, magari, lebo ya kila mwili na daftari moja tu la majina. Madaftari yakiwa mawili, ndugu hukabidhiwa maiti isiyo yao.

Habari hizi msizitarajie kutoka kwa watoto. Wengi wa makatibu hawa hawakupeleka mambo ya ofisini nyumbani. Mtu mmoja atafute barua za ajira, za kupandishwa cheo, za uhamisho na ya kustaafu. Aanze na bahasha za kaki kabatini. Mwingine awapigie simu mtunza bohari, muuguzi mfawidhi na dereva wa ambulansi waliofanya kazi naye. Dereva asiachwe, maana anajua nani alipigiwa simu saa nane za usiku. Wote waulizwe swali moja: ni tatizo gani mlimpelekea likaisha? Chagueni majibu mawili, yasizidi. Kurasa mbili za A4 kwa herufi kubwa, karibu maneno 600, husomwa kwa dakika tano au sita. Zaidi ya hapo jua la Dodoma litawaamulia.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayosumbua. Cheti cha ubatizo kina yake, barua ya ajira ina nyingine. Chukueni iliyotumika kwenye ajira, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye jalada la pensheni, kisha iwe hiyo hiyo kwenye wasifu na msalabani.

Upande wa familia nao unahitaji vitu vya kushikika. “Alipenda familia yake” husemwa hata kwa aliyeitelekeza. Tajeni watoto wa ndugu aliowalipia ada. Kama baada ya kustaafu alilima zabibu Hombolo, semeni ni mtoto yupi alimfundisha kupogoa. Mizabibu ya huku huvunwa mara mbili kwa mwaka na isipopogolewa kwa wakati mavuno hupotea. Ugonjwa uliomwondoa si lazima utajwe, mjane aamue.

Orodha ya watoto isomwe kwanza mbele ya wazee wa ukoo, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa, kabla haijachapwa. Jina likirukwa, ugomvi huanzia pale pale makaburini. Majina yaandikwe matatu matatu kama yalivyo kwenye vyeti, kwa kuwa kikao cha ukoo kikikaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, katibu wa kikao atanakili kutoka kwenye karatasi hiyo hiyo, na karani wa Mahakama ya Mwanzo atarudisha muhtasari wenye jina lisilolingana na cheti.